Muhula mzima nyumba ya Kirusi chuoni, naelewa kila kitu ila mdomo haufunguki. Tatizo mimi au nyumba?

#1 Binti wa Pangani
Wakuu habari za saa hizi. Niko Marekani, chuo kidogo huku Midwest kwenye baridi, jina nalihifadhi, mwaka wa pili. Chuoni kwetu kuna nyumba za lugha, yaani badala ya kukaa hosteli ya kawaida unaomba kukaa nyumba ya Kifaransa au ya Kihispania au ya Kijerumani, mi nikachagua ya Kirusi maana nilishakisoma mwaka mzima darasani na nikatoka na A zote mbili. Tuko tisa, nyumba ya mbao ya ghorofa moja, jiko moja, na tunaishi na dada mmoja ambaye Kirusi amezaliwa nacho, chuo kinaleta mtu mpya kila mwaka, huyu wa sasa ametokea Almaty, Kazakhstan. Ukiingia unasaini karatasi: jikoni, sebuleni na kwenye ngazi ni Kirusi tu. Chumbani kwako ongea hata Kizigua. Jumapili kuna chai na maprofesa wanakuja, Alhamisi kuna filamu.

Sasa tangu Agosti mpaka leo Novemba naelewa karibu kila kitu. Wakipiga utani nacheka kabla hawajamaliza. Ila mimi kutoa sentensi hamna, inafika hapa kwenye meno inarudi. Nabaki na da, nyet, spasibo, yaani ndiyo, hapana, asante, na kutabasamu kama bibi harusi. Nyumba nzima wanaamini mi ni mtu mpole sana. MIMI! Wanaonijua Pangani wakisikia hilo watazimia kwa kicheko. Na kuna wazungu wawili darasani walikuwa nyuma yangu kabisa, sa hivi wanabishana na dada wa Almaty mpaka saa sita usiku.

Waliokaa nyumba za namna hii au waliosoma Urusi enzi hizo, kwenu ilikuwaje?

#2 chapati_dori
Nimetandika jamvi hapa. Kwanza tuambie humo ndani mnakula nini.

#3 Mkenya wa St. Paul
Tatizo ni nyumba, usijisumbue. Mimi nilikaa nyumba ya Kirusi kama hiyo miaka miwili, chuo kingine. Sheria iko ukutani imeandikwa na kalamu nyekundu, lakini ikifika saa tatu usiku kila mtu ana asainmenti ya kemia, nani atajadili kemia kwa Kirusi? Tulikuwa na kopo la maziwa kando ya friji, ukisema neno la Kiingereza unatumbukiza senti 25. Mwisho wa muhula kopo lilijaa tukanunua pizza za watu kumi na wawili na soda. Hiyo pizza ndiyo ushahidi wangu.

#4 Binti wa Pangani
@chapati_dori grechka, ni kama nafaka za kahawia hivi zinachemshwa, mwezi wa kwanza nilikuwa naona chakula cha kuku sasa nazipenda. Borshi, supu ya bitiruti. Pelmeni, hizi ni kama vijisambusa vya kuchemsha. Ijumaa mi napika ugali, mara ya kwanza dada wa Almaty alichungulia sufuria akasema "A, mamalyga!" kumbe wana neno lake kabisa la ugali wa mahindi, nikabaki nimeshika mwiko.

@Mkenya kwetu Kiingereza kinapita pia sikatai, ila hawa wawili wanaongea kwenye nyumba hiyohiyo. Mbona mimi tu?

#5 Kasuku wa Kati
Ndo maana wanaojua hizi mambo wanaenda chuo cha Middlebury kule Vermont. Ni kiangazi tu, wiki chache, unasaini kiapo cha lugha na ni masaa yote 24, sio jikoni na kwenye ngazi. Ukikutwa unaongea Kiingereza unaweza kurudishwa kwenu. Walianza na Kijerumani 1915, Kirusi kikaingia 1945. Nyumba ya mwaka mzima yenye kiapo cha nusu nusu ni hosteli yenye bendera. Hata ile Oldenborg, nyumba ya lugha ya Oberlin iliyofunguliwa 1966, ndo walikuwa walewale.

#6 Mjukuu wa Kariakoo
Kasuku umechanganya mafaili. Oldenborg ilikuwa chuo cha Pomona, California. 1966 umepatia. Oberlin iko Ohio na ina nyumba yake ya Kirusi, hazihusiani. Na Oldenborg walikuwa na ukumbi wa chakula wenye meza za lugha, mchana ulikuwa unakaa meza ya lugha unayojifunza, hata wasiolala pale walikuja kula.

#7 Kasuku wa Kati
Nimesahihishwa, asante. Hoja yangu iko palepale.

#8 mama Zawadi
Mwanangu hujambo. Mi lugha zenyewe sizijui ila watoto wa pwani nawajua. Umelelewa usiropoke mbele za wakubwa, sasa unakaa sebuleni na maprofesa wamevaa soksi wanakunywa chai unategemea mdomo ufunguke? Mtoto wa kizungu kalelewa kukatiza watu tangu ana miaka mitatu. Hapo hamna cha Kirusi, ni malezi.

#9 Binti wa Pangani
Mama shikamoo. Nakubali nusu. Huku nako kuna adabu zao, profesa huwezi kumwita jina tu, unaita jina lake na la baba yake, kama useme Anna Ivanovna, na kuna "ty" ya mtu mmoja wa rika lako na "vy" ya heshima. Kwahiyo kila nikitaka kumsemesha mtu nahesabu kwanza, huyu ni ty au vy? Nikimaliza kuhesabu mada imeshapita. Lakini malezi yangu kwenye Kiingereza hayanizuii, kule naropoka vizuri tu 😅

#10 Mzee wa Podfak
Nimeusoma uzi huu nikacheka peke yangu, mke wangu kaniuliza kuna nini.

Nilifika Voronezh, Urusi, Septemba 1984 kutoka Tabora. Mwaka wa kwanza ulikuwa wa podfak, maandalizi, mwaka mzima lugha, na baadaye wanakuchomekea hesabu na fizikia kwa Kirusi hichohicho. Chumba watu wanne, mimi, Mvietinamu mmoja na vijana wawili wa Kisovieti. Jiko la ghorofa nzima lilikuwa mwisho wa korido. Chini mlangoni anakaa vakhtyorsha, mama mtu mzima mwenye skafu, daftari na miwani, mlango unafungwa saa tano usiku. Ukichelewa unasimama nje, theluji inakupiga, unaomba kwa Kirusi. Hapo utatafuta maneno utayapata. Barua ya nyumbani ilichukua mwezi, simu hakuna, Mvietinamu hajui Kiingereza wala Kiswahili. Hatukuwa na lugha ya kukimbilia. Kufika Februari nilikuwa naongea, vibaya lakini naongea.

Nyumba yenu ina joto, ina mlango wazi, na ukikwama wote mnarudi kwenye Kiingereza. Ni nyumba nzuri ila haina vakhtyorsha.

#11 Dogo Janja wa Moro
Shikamoo mzee. Wewe kumbe ni wa Lumumba, kile chuo walikianzisha 1961 baada ya Lumumba kuuawa.

#12 Mzee wa Podfak
Marahaba. Mimi si wa Lumumba, hicho kiko Moscow, nimesema Voronezh. Na chuo kilianzishwa 1960 kikiitwa cha Urafiki wa Mataifa. Lumumba aliuawa Januari 1961, jina lake wakaliweka Februari. 1992 wakaliondoa, 2023 wakalirudisha. Kila Mwafrika aliyerudi toka Urusi watu walimwita "wa Lumumba" hata kama alisomea kutengeneza trekta Minsk, ambayo hata Urusi haipo.

#13 Mjukuu wa Kariakoo
Mzee nina swali la kichokozi. Kama njaa na baridi ndo mwalimu, mbona kuna wazee walikaa kule miaka sita wakarudi na spasibo na davai tu? Baba yangu mdogo mmojawapo.

#14 Mzee wa Podfak
Wapo, sikatai. Hao walikuwa wanaishi kwenye zemlyachestvo, yaani umoja wa watu wa nchi moja. Mnapika pamoja, mnasoma pamoja, mmoja anayejua lugha anawasemea wote mpaka dukani. Kulikuwa na Mzanzibari mmoja kwetu, kichwa sana cha hesabu, mpaka anaondoka anaagiza mkate kwa kuonyesha kidole.

#15 Nahodha wa Paje
Nyie wasomi mnanichekesha. Mi nipo Paje, shule niliishia fomu ya pili, Kirusi nimekiokota ufukweni 2021 Warusi walivyojaa visiwani. Sijakaa nyumba ya lugha wala ya bati. Asubuhi swali lao la kwanza priliv saa ngapi, otliv saa ngapi, maana maji yakitoka huku kwetu unatembea mpaka miguu inachoka hujayafikia. Hapo nikajua kujaa na kupwa. Skolko stoit nikajua bei. Dorogo nikajua nimepandisha sana. Wakikanyaga vile vya miiba wanapiga kelele bolno bolno, nawapaka utomvu wa papai bichi, papai nao wanaita papaya, nikajua dawa na maumivu siku moja. Sasa hivi napiga nao stori nusu saa. Kusoma yale maandishi yao siwezi hata herufi moja.

Dada shuka ufukweni utafute wateja. Lugha inafuata hela.

#16 Ticha wa Wageni
Nahodha umesema kitu. Mimi nafundisha wageni Kiswahili, nakaa nao wakitoka kwenye familia walikopangiwa. Nilikuwa na Mjerumani anajua ngeli zote, ukimwamsha usiku anakutajia viambishi. Sokoni akasimama mbele ya mama wa nyanya dakika nzima kimya, akaniambia baadaye alikuwa anatafuta kama fungu ni ngeli ya li-ya. Mwenzake alisema "mama nyanya mingi sana ngapi" akapewa nyanya na nyongeza. Wenye sarufi nzuri ndo wanaochelewa kuongea, naona kila mwaka. Binti hizo A zako mbili ndo ugonjwa.

#17 Binti wa Pangani
Ticha umenigusa. Kirusi kina kesi sita, utadhani mahakamani. Meza ni stol, ya meza ni stola, kwa meza ni stolom. Halafu meza mbili ni dva stola ila meza tano ni pyat stolov, yaani wingi unabadilika ukifika tano! Kichwani kabla sijasema "kuna vitabu vitano mezani" nishapita vituo vinne vya polisi.

Ila cha ajabu kukubaliana kwa maneno hakunisumbui kabisa, wenzangu Wamarekani ndo wanalia kwamba kivumishi kinabadilika kufuata jina. Mi nimekulia kwenye kitabu kizuri vitabu vizuri, jinsia tatu ni nini mbele ya ngeli?

#18 Daktari wa Zamani
Wataalam wa lugha wana jina la hali yako, kipindi cha ukimya. Krashen kaandika sana, kwamba mtu anakusanya kwanza, siku ikifika anaongea. Tulia, usijilazimishe.

#19 Mjukuu wa Kariakoo
Daktari na upande wa pili useme basi. Kuna mama anaitwa Merrill Swain wa Canada, miaka ya 80 aliangalia watoto waliosomeshwa masomo yote kwa Kifaransa miaka kibao. Kuelewa walikaribia wazawa, kuongea na kuandika wakabaki nyuma. Hoja yake ni kwamba kusikia peke yake hakutoshi, lazima usukumwe utoe. Binti akitulia atatulia mpaka mahafali.

#20 Daktari wa Zamani
Akisukumwa akaumia je? Wewe umewahi kusukumwa?

#21 Mjukuu wa Kariakoo
Nimeoa Mnyakyusa, nasukumwa kila Krismasi Tukuyu.

#22 Fundi Redio
Tusisahau na ugumu wenyewe. Wamarekani wanapofundisha maofisa wao wa ubalozi, Kirusi wanakipa kama wiki 44 darasani. Kiswahili kama wiki 36. Na hao ni watu wanalipwa mshahara kwa kazi ya kusoma lugha tu. Binti ana kemia, ana kazi ya maktaba, ana kuoga. Miezi minne ni nini?

#23 Kichwa Ngumu
Mi naona Kiswahili ndo kinamziba. Niliwahi kujaribu Kirusi kwenye simu nikaacha wiki ya pili. Baba kwa Kirusi ni mwanamke. Dada ni ndiyo ndiyo. Kaka sisemi, waulizeni watoto wa Kirusi wakiwa kwenye poti. Duma ni bunge. Zima ni majira ya baridi. Kasha ni uji. Ruka ni mkono. Pole ni shamba. Familia wanayoandika kwenye fomu sio familia, ni jina la ukoo, nilijaza "watu saba". Na kuna neno moja wanamwita mama wa ubatizo, hilo kwa heshima ya jukwaa silitaji.

#24 chapati_dori
Nimeenda kulitafuta hilo neno la mama wa ubatizo. Ee Mungu wangu 🙈

#25 Nahodha wa Paje
Hahaha ndo maana kuna bibi mmoja alimwita mwenzake hivyo, boti nzima ya vijana wangu ikakaribia kupinduka.

#26 Mzalendo Halisi
Mimi nauliza tu, kwanini usome lugha ya watu wenye vita badala ya Kichina chenye ajira?

#27 Binti wa Pangani
Dada wa Almaty ni Mkazaki, nyumbani kwao wanaongea Kirusi na hajawahi kuishi Urusi. Wenzangu zamani walikuwa wanaenda St. Petersburg mwaka wa tatu, tangu 2022 wanapelekwa Almaty au Tbilisi kule Georgia ya Ulaya. Kiswahili chenyewe kimeshavuka bahari na mito, hatuulizani kibali.

#28 MODI
Siasa za vita zina jukwaa lake. Tuendelee na mada.

#29 Msema Taratibu
Mi nimesoma isimu Mlimani, naleta ya kwangu. Hamjagusa mkazo. Kiswahili mkazo unakaa silabi ya pili toka mwisho, tunauweka bila kuuliza. Chache zinakwepa, kama barábara ya "sawasawa" na barabára ya magari. Kirusi mkazo unakaa popote na unahama, na ukiukosea neno linageuka. Zámok ni ngome, zamók ni kufuli. Na silabi isiyo na mkazo inabadilika sauti, maziwa unaandika moloko unasema malakó. Mswahili anaweka mkazo pa kwetu, anaonekana kituko, anaogopa, ananyamaza. Na kuna mfano wa kuandika barua ambao kila Mswahili aliyesoma Kirusi ameumia nao, naishia hapo.

#30 Binti wa Pangani
Mkuu #29 umenikamata shati. Nilijiapiza sitasema hapa lakini basi.

Jumapili ya pili ya Septemba, chai. Tumezunguka meza, kuna samovari ya umeme, biskuti za asali, maprofesa wawili na mgeni mmoja mzee. Kila mtu ajitambulishe aseme anapenda kufanya nini. Mi nimejiandaa tangu asubuhi, nimeandika mpaka kwenye kiganja. Nilitaka kusema napenda kuandika usiku watu wote wakiwa wamelala. Nikasimama, nikasema kwa kujiamini kabisa, "Ya lyublyu písat nochyu, kogda vsye spyat."

Kuandika ni pisát. Písat ni kukojoa.

Kwahiyo binti wa watu nimewatangazia maprofesa kwamba napenda kukojoa usiku watu wote wakiwa wamelala. Hakuna aliyecheka, hilo ndo liliniua. Profesa akanyanyua kikombe akanywa chai kimya. Kuna mzungu alikohoa biskuti ikamtoka. Dada wa Almaty akanigusa mkono akasema kwa sauti ndogo, "pisát, pisát". Nikakaa. Nadhani mdomo ulikaa na mimi siku ileile.

#31 chapati_dori
😂😂😂😂 nipo kwenye daladala watu wananiangalia

#32 Mkenya wa St. Paul
Manze nimelia machozi. Na uliongezea kogda vsye spyat kabisa!

#33 mama Zawadi
Pole mwanangu. Nimecheka, Mungu anisamehe. Lakini si nilisema ni aibu?

#34 Mzee wa Podfak
Aibu haimzibi mtu mwenye njaa. Mwezi wangu wa kwanza nilimwendea vakhtyorsha usiku, kantini imefungwa, nikamwambia ya kholodnyy, ya ochen kholodnyy. Nilitaka golodnyy, mwenye njaa. Nikawa nimesema mimi ni wa baridi, baridi sana. Akaniangalia kwa huruma, akaenda akaniletea blanketi. Nikarudi chumbani na blanketi na njaa yangu. Kesho yake nilirudi kwake nikamwonyesha tumbo, akanipa viazi na tangu siku hiyo ananisahihisha kila nikipita mlangoni. Ningenyamaza ningekonda.

Binti, wewe ulipoona aibu ulienda wapi?

#35 Binti wa Pangani
Chumbani.

#36 Mzee wa Podfak
Kufanya nini?

#37 Binti wa Pangani
Kumpigia mama 😔

#38 Ticha wa Wageni
Hapo mzee umepiga penyewe. Binti tuambie ukweli, kwa siku unaongea Kiswahili masaa mangapi kwenye simu?

#39 Binti wa Pangani
Mawili. Matatu kama wadogo zangu wapo. Na kuna kundi la shule ya zamani voice note haziishi.

#40 Mzee wa Podfak
Basi zemlyachestvo lako liko mfukoni. Kiapo kinasema chumbani ongea unachotaka, na wewe unahamia chumbani.

#41 Daktari wa Zamani
Mzee msimnyang'anye mtoto mama yake. Kule peke yake kwenye theluji, hizo simu ndo zinamfanya asifungashe. Hao wazungu wawili mama zao wako masaa mawili kwa gari.

#42 Kasuku wa Kati
Kuna jambo hakuna aliyeuliza. Binti ulichagua ile nyumba kwa sababu ya Kirusi kweli?

#43 Binti wa Pangani
Kasuku wewe una roho mbaya. Haya, nilifuata chumba cha peke yangu na jiko. Hosteli ya mwaka wa kwanza nilikaa na mwenzangu analala taa inawaka, na ugali unapikia wapi? Ila Kirusi nakipenda pia jamani.

#44 Mkenya wa St. Paul
Nyumba nzima inafuata jiko, amini. Kwetu kati ya kumi na wawili waliofuata Kirusi walikuwa wanne.

#45 Binti wa Pangani
Wakuu nimerudi, siku nne zimepita. Kuna kitu kimetokea.

Juzi Ijumaa usiku nimeshuka jikoni nachukua maji. Dada wa Almaty anakaanga baursak, ndo vitafunwa vyao, unga umeumuliwa anakata vipande anatumbukiza kwenye mafuta. Nikaangalia. Ni MANDAZI. Nimekua nauza mandazi na bibi yangu pale stendi Pangani, nayajua mafuta kwa sauti. Anatumbukiza mafuta hayajapata moto, mandazi yanazama chini yanalala pale yanakunywa mafuta. Nikasikia mtu anapiga kelele, "Ne tak! Maslo yeshcho kholodnoye! Podozhdi!" Yaani sivyo, mafuta bado baridi, subiri. Kumbe ni mimi.

Akageuka na kijiko. Akasema mama yake anafanya hivihivi. Nikamwambia mama yako atakuwa anakula mafuta. Akaniuliza nimejulia wapi, nikamweleza bibi, stendi, iliki, nazi, kwa Kirusi, sijui kesi ngapi nimevunja. Iliki nilisema kardamon akaelewa. Akasema baursak haina iliki, nikasema basi ndo maana haina harufu. Tumebishana dakika ishirini kama mandazi yametoka baursak au baursak imetoka mandazi, nimemwita ty mwanzo mwisho. Wale wazungu wawili walikuja wakasimama mlangoni.

#46 Nahodha wa Paje
Si nilisema. Lugha ya kazi. Mafuta yakiwaka hakuna kesi.

#47 Ticha wa Wageni
Hakuwaza sarufi, ndo dawa.

#48 mama Zawadi
Jiko la mwanamke halina aibu. Nilisema malezi.

#49 Daktari wa Zamani
Hapana, ni kipindi cha ukimya kimeisha kwa wakati wake. Miezi minne barabara.

#50 Msema Taratibu
Barábara au barabára?

#51 Binti wa Pangani
Msishangilie mapema. Jana Jumapili chai, profesa kanigeukia kwa upole, nasikia umeanza kuongea, tuambie kuhusu mandazi. Meno yakafunga. Nikasema "da". Nikatabasamu.

#52 Mzee wa Podfak
Huyo profesa mpeleke jikoni.

#53 Mjukuu wa Kariakoo
Au mpeni iliki aikatae mbele ya Binti.

#54 chapati_dori
Mi nataka vipimo vya hizo baursak. Hamira au baking powder?

#55 Binti wa Pangani
Hamira, na kidogo mtindi. Nazi ametaka kujaribu wiki ijayo, tunatafuta duka la Wahindi liko dakika arobaini kwa basi. Nimeambiwa niandike orodha ya vitu kwa Kirusi. Kuandika, wakuu. Pisát.

#56 Mpangaji2
Habari wana jukwaa, hiyo nyumba ya Kirusi inapangishwa shilingi ngapi kwa mwezi na je maji yapo?

#57 Kichwa Ngumu
Maji yapo mkuu, mandazi yapo, soma uzi kuanzia juu 😂